Betri ya volti 9 haishushi uzi

Kwa mliotazama sehemu zote mbili za video ya ile besi ya Kariakoo, sina haja ya kusimulia. Kijana anayeikarabati humo ana mikono. Kanunua nakala ya Jazz Bass ya bei poa, kaifungua yote, kaifunga upya, na karibu kila alichokigusa alikipatia. Kisha akashika patasi, akachimba mgongo wa gitaa, akatia priampu na betri ya volti 9. Hapo ndipo alipoharibu, na sehemu ndogo tu ya hela iliyozama mle ingetosha kuiponya besi ugonjwa wake halisi, ambao inao mpaka leo.

Mazuri nayapitia mbiombio. Nondo ya shingo aliikaza kidogo kidogo na kupima kwa filageji. Utepe wa shaba kaubandika vizuri na kuuunga na ethi. Risasi zake zinang'aa. Pongezi.

Sasa rudini pale alipomaliza kufunga nyuzi mpya. Tyuna iko mezani, kamera imeielekea. Anapiga uzi wa E ukiwa wazi, sindano inakaa katikati. Anapiga freti ya 12, katikati tena. Anatabasamu na kusema tyuni imekaa. Halafu anaingia kwenye mstari wake wa majaribio, ambao uko kwenye F, na kila anapokandamiza freti ya kwanza ya uzi huohuo sindano inaegemea kulia. Sikio linaipata kabla ya jicho. Naye kaisikia, maana anakunja uso na kurudia. Lakini badala ya kutazama juu ya shingo, anatazama chini kwenye mwili, na hukumu inatoka: pikapu za kiwandani ni dhaifu, besi inataka priampu.

Jamani, pikapu haichagui noti! Kazi yake ni kusoma mtikisiko wa uzi wa chuma juu ya sumaku, basi. Freti ya kwanza ikiwa kali huku freti ya 12 iko sawa, mshukiwa wa kwanza ni lile daraja dogo la plastiki lililo juu, karibu na vigingi. Mifereji yake imeachwa juu mno. Ukikandamiza pale, uzi unashuka mbali kabla ya kugusa freti, unavutika, na uzi ukivutika sauti inapanda. Freti ya 12 haiwezi kukufichulia hilo, kwa sababu iko mbali na daraja la juu, na kosa lake dogo linamezwa unaposogeza tandiko la daraja la chini. Ndiyo maana mtu anaweza kupima kwa uaminifu kabisa, akaridhika, na besi ikaendelea kuimba F ya uongo.

Kipimo chenyewe hakidai hata filageji. Kandamiza uzi kwenye freti ya tatu, kisha tazama pengo lililobaki juu ya freti ya kwanza. Linatakiwa liwe jembamba kama karatasi. Kwenye video ile pengo linaonekana waziwazi kwa kamera ya simu! Kilichohitajika ni faili dogo la duara na subira: unakata kidogo, unarudisha uzi, unapima, unakata tena, kwa sababu ukipitiliza uzi utagonga freti na itabidi daraja lote libadilishwe. Kwa woga huo wa kupitiliza, viwanda vingi vya besi za bei ya chini huiacha mifereji juu. Iliyo juu inamchosha mnunuzi vidole tu, ila iliyo chini mno inarudisha mzigo dukani.

Na priampu imefanya nini? Imekuza ilichopewa. Umeipa F iliyopinda, imekurudishia F iliyopinda yenye kifua. Trebo ilipopandishwa tukaanza kusikia na kucha. Muundo wa Jazz Bass tangu ulipotoka mwaka 1960 una ujanja usiotaka betri: pikapu mbili zinazopingana, ukizifungua zote mpaka mwisho mvumo unajifuta wenyewe. Juu ya hapo alikuwa na utepe wa shaba wa kuzuia mvumo huohuo. Alikuwa anatibu nini? Tena mtazameni mwishoni, besi imelala kwenye kochi na waya umechomekwa. Jeki ya priampu ndiyo swichi yake, waya ukibaki ndani betri inaliwa usiku kucha. Itamzimikia jukwaani, katikati ya kibwagizo.

Mtaniambia Leo Fender mwenyewe alitoa StingRay yenye priampu mwaka 1976. Alitoa, ila pale pikapu na priampu vilibuniwa pamoja. Mtaniambia Marcus Miller, ambaye Roger Sadowsky alimtilia priampu kwenye Jazz Bass yake ya 1977. Huyo alikuwa na chombo kizima na dole gumba linalojua linataka nini. Nakubali jambo moja tu: ukiwa na waya mrefu sana, priampu inaokoa trebo isipotelee njiani. Kijana alikuwa hatua mbili kutoka kwenye spika.

Wazee walibadilisha vyombo pia, lakini walianza na walichokisikia. Bill Wyman aling'oa freti zilizochakaa kwenye besi yake ya bei rahisi mwaka 1961 akitaka kuweka mpya, akasikia mlio, akaacha hivyohivyo. James Jamerson wa Motown hakubadilisha karibu chochote. Precision ya 1962, nyuzi nene za flati alizozizeesha makusudi, kipande cha sponji karibu na daraja, kidole kimoja. Ukitaka ya kwetu, fungua Sina Makosa ya Les Wanyika umsikilize Tom Malanga. Watu wanaiimba besi ile kwa mdomo harusini, na hakuna anayeulizia trebo yake.

Nimelisema hili miaka na nitalisema tena: ugonjwa huu wa kukimbilia priampu unatoka kumbini. Fundi mitambo anaiachia ngoma ya mguu sehemu yote ya chini, besi anaipandisha juu mpaka inalia kama solo la pili, kisha mpiga besi anarudi nyumbani akidhani gitaa lake lina kasoro. Bendi nyingine zimemaliza ubishi kwa kumkabidhi mpiga kinanda besi aipige kwa mkono wa kushoto.

Sehemu ya tatu kaahidi kung'oa freti zote, afanye kama Jaco Pastorius. Sawa, lakini Jaco aliupaka ubao wake epoksi ya maboti kwa sababu nyuzi za raundi alizozipenda zilikuwa zinaula mti. Kijana naye anatumia raundi, na epoksi hajaitaja. Halafu freti zikitoka, nyuzi zinatakiwa zikae karibu kabisa na ubao, maana yake daraja la juu lishuke kuliko hata lilivyotakiwa kushuka sasa. Faili alilolikwepa kwenye sehemu ya pili atalihitaji tu, hata akishamaliza kazi ya koleo.