Kutoka Kasala Mpaka Libanga: Vedeti Wetu Anamusifu Nani?

Wazee wa Lubumbashi wakianza kuzungumuza juu ya muziki ya leo, wanaanza na nguo. Wanasema: angalia ile suruali, angalia miwani ya jua saa sita ya usiku, angalia nywele zile. Zamani mwanamuziki alikuwa mutu wa heshima. Mimi pia nilisema vile miaka mingi, mbele ya watoto wangu na mbele ya wanafunzi, na leo naona nilikuwa nakosea. Mabaya yako, lakini hayako mu nguo.

Tumuchukue kwanza mutu mwenye sisi wote tunamutaja tukitaka kusifu zamani: Mwenda Jean Bosco, mutoto wa Bunkeya. Mwaka wa 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekaa Afrika ya Kusini na aliyekuwa anazunguka na mashini yake ya kurekodi, alimukuta kule Jadotville, Likasi ya leo, akachukua sauti yake na gitari yake. Kati ya nyimbo zile kulikuwa "Masanga". Alikuwa anapiga na kidole gumba na kidole cha pili tu, na mutu asiyemuona aliweza kuapa kwamba wapigaji ni wawili. Mu 1969 alifika mpaka Marekani, ku festivali ya Newport. Tunapenda kumuwaza kama mutu wa kijiji, chini ya muti, bila kujijali. Lakini katika picha zake amevaa koti na shati safi, kama karani. Na mwaka wa 1959 alienda Nairobi kwa mukataba wa kutangaza Aspro, dawa ya kichwa. Ndiyo, ndugu musomaji. Sura na sauti ya Bosco vilisaidia kuuza vidonge. Hakuna mutu aliyemuita juu ya ile mwenye kuharibu mila, na ni haki.

Edouard Masengo naye, pamoja na wale vijana wa JECOKE, "Jeunes Comiques de la Kenya" (Kenya ni komini yetu ya hapa Lubumbashi, siyo ile inchi), walijua vizuri kwamba watu wanakuja kuangalia zaidi ya kusikiliza. Vichekesho, dansi, mavazi, wimbo, vyote mu kikapu kimoja. Basi, kusema kwamba vedeti alianza kujipamba juzi, ni uongo.

Kisha Kinshasa ikatufunika. Rochereau alipanda jukwaa la Olympia, Paris, mu Desemba 1970. Mwaka mumoja mbele yake, mwisho wa 1969, vijana wa Zaïko Langa Langa walikuwa wameanza: tarumbeta zikaachwa, gitari na ngoma zikachukua fasi yote, sebene ikarefuka. Mu 1974 James Brown alikuja Kinshasa, na kila kijana mwenye viatu akajaribu kuteleza kama yeye. Papa Wemba aliunda Viva la Musica mu 1977, na pamoja naye Sape ikawa karibu dini. Nitasema wazi: mimi naipenda ile Sape ya mwanzo. Mobutu alikuwa amekataza kravate, kila mufanyakazi alivaa abacost, na kijana asiye na kitu akatokea na koti ya Paris. Ile haikuwa majivuno tupu. Ilikuwa jibu. Wemba alikufa jukwaani, Abidjan, tarehe 24 Aprili 2016, na nguo zake nzuri juu ya mwili, na nilimulilia.

Mambo hayo yote yalifika kwetu kwa redio, na kwa Lingala. Nyimbo za gitari za Kiswahili zikarudi nyuma, mu matanga na mu baa za pembeni. Ni hasara, lakini ladha ya watu haifungwi na kamba. Jambo lenye linaniuma ni lingine: ni jina. Ni namna vedeti anavyotamka jina la mutu mu wimbo.

Mababu zetu Waluba wana kasala. Wenye kuizaliwa wanaijua. Kwa wengine naeleza kifupi. Ni maneno ya sifa, yanasemwa ku kilio, ku mapokezi ya mukubwa, ku sikukuu ya familia. Kunakuwa watu wenye kuijua kama kazi, na kunakuwa mama mwenye anaamuka tu katikati ya wafiwa na maneno yanatoka. Clémentine Faïk-Nzuji alitoa kitabu chake juu ya kasala mu 1974, na kinafaa kuwa ku kila shule. Katika kasala mutu anatajwa na majina yake ya nguvu, na ya baba yake, na ya wale waliozaa baba yake, na mito waliyovuka. Na musemaji anapewa zawadi, tusisahau: kuku, nguo, pesa. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba mababu walisifu bure na leo watu wanasifu juu ya pesa. Tofauti haiko pale.

Iko hapa: kasala inakufunga. Ukitajwa na majina ya babu zako, uko na wajibu wa kuwafanana. Musemaji anaweza kukusifu na kukupiga kofi katika pumuzi moja, na wewe utatoa zawadi yako na machozi. Anakujua. Hawezi kumusifu mutu asiyejua alitoka wapi.

Kati ya kasala na leo kulipita kitu chenye hatupendi kukumbuka, ile "animation politique". Wenye miaka yangu walicheza. Mu miaka ya 1970 na 1980, ku shule, ku Gécamines, ku reli, watu walivaa pagne yenye sura ya Mobutu na kuimba jina moja. Franco mwenyewe, mukubwa kuliko wote, alitoa "Candidat na biso Mobutu" mu 1984. Pale ndipo, kwa mawazo yangu, sifa ilikatwa na ukoo. Jina likawa kitu cha kupigia kelele, bila kumujua mwenye jina, na bila yeye kukudai kitu isipokuwa kelele ile. Chama cha MPR kilikufa, lakini desturi ile ilibaki, ikitafuta bwana mwingine.

Ilimupata. Kwa Lingala libanga ni jiwe, na mabanga ni mawe. "Kobwaka libanga" ni kutupa jiwe: mwimbaji, ao atalaku, anatamka jina la mutu katika wimbo, na mutu anatoa dola. Atalaku aliingia mu Zaïko mwanzo wa miaka ya 1980 kwa kuchemusha sebene, kazi nzuri sana, lakini sauti yake ikawa soko. Miaka ya 1990 kampuni za diski zilianguka, kaseti za wizi zikajaa, na mapato ya haki za mutunzi hayakuonekana. Kisha tangu karibu 2010 wale "combattants" wa Ulaya wakafunga njia ya konseri za Paris na Brussels. Mwanamuziki akabaki na mutu mumoja wa kumulipa: mwenye kutaka jina lake lisikike. Kuna albamu zenye ukitoa majina yote, utabaki na wimbo wa dakika mbili.

Na hapa kwetu Katanga mambo yanachekesha, kama si ya kulia. Mwenye kutupa mabanga mara nyingi ni mufanyabiashara wa madini. Kijana anachimba jiwe Kolwezi, analibeba ku mugongo, analiuza kwa bei ya mwenye kununua. Jiwe linapita mikono mitatu, ine, na mwisho wa safari linarudi Kinshasa kama jiwe lingine, la sauti. Jina la mwenye kununua linaimbwa. La mwenye kuchimba, hapana.

Nilielewa hayo yote siku ya kilio cha baba mudogo wangu. Alikuwa mutu wa reli, alifanya kazi Likasi na Lubumbashi. Familia ilitaka kumuheshimu, basi orkesta ililetwa, na hema, na viti vya kukodi. Tajiri mumoja, rafiki wa binamu yangu, alilipa sehemu kubwa. Gari yake ilisimama mbele ya lango, nyeusi, mashini ikiwaka. Kuanzia saa tatu ya usiku mwimbaji alikuwa anataja jina la tajiri: kila wimbo, mara tano, mara kumi. Jina la marehemu lilitajwa mara moja, na lilitajwa vibaya.

Shangazi yangu, dada ya marehemu, alikuwa amekaa chini ku mukeka na wamama wengine. Akaamuka, akaenda mpaka ku mikro, akauliza kwa sauti ya kawaida tu: "Leo tunazika nani? Ule wa gari, ao kaka yangu?" Orkesta ikanyamaza. Ni yeye aliyeendelea, kwa Ciluba, bila gitari.

Alitaja babu wa Mwene-Ditu. Alitaja majina ya marehemu, yenye sisi watoto wa muji hatukuwa tunajua. Halafu akataja stasio ya Likasi, fasi kaka yake alilala na mukewe na watoto mu 1993, juu ya mabegi, wakingoja treni ya Kasai kati ya maelfu ya wafukuzwa wengine. Hakuna mutu mu familia yetu aliyekuwa anasema juu ya ile stasio mbele ya watu. Jirani wengi waliokaa chini ya hema walikuwa wa upande mwingine, na walikuwa wamekuja kulia na sisi kwa roho safi. Walisikiliza. Muzee mumoja alivua kofia.

Kisha akanitaja mimi. Akasema kuko mutoto mwenye marehemu alimulipia masomo Kinshasa, na mwaka ule hakuandika hata barua moja ya kuuliza kama watu wako wazima. Ni kweli. Mwaka ule nilikuwa nacheza muziki ya Wenge ku Matonge, na nilikuwa najiambia kwamba posta haitembei. Nilitoa zawadi yangu kwa shangazi, noti zote zenye zilikuwa mu mufuko, na sikuinua macho. Tajiri alibaki mpaka asubui, tena alizima mashini ya gari yake. Namuhesabia hilo.

Basi, libanga haiwezi kufanya kitu kama kile. Mutu akilipa juu ya jina lake, amelipa pia juu ya kunyamaza kwa mwimbaji. Hiyo ndiyo hukumu yangu juu ya muziki ya miaka hii, na haigusi suruali ya mutu.

Nilimuambia hayo kijana mumoja mwimbaji, mwenye kipaji, wa komini ya Katuba. Alinijibu bila hasira: "Papa, nyimbo zangu uko nazo mu simu?" Nikasema ndiyo. "Ulizinunua?" Nikanyamaza. "Njo vile. Ule mwenye kutupa dola, njo nataja." Sina jibu la kumupa, isipokuwa kwamba sasa nanunua tiketi ya konseri yake, hata nikikosa kuingia juu ya uchovu. Wenye kulaumu vedeti kwamba anajiuza, tujiulize kwanza nani alikataa kumununua kwa njia ya haki.

Kuna mambo yenye yananipa moyo, na hayatoki ku wazee. Karindula, ile gitari kubwa yenye mwili wa pipa, ngozi ya mbuzi na nyuzi ine, bado inapigwa mu viwanja vya Lubumbashi. Pale pia watu wanatoa pesa na wanatajwa. Lakini mutoaji yuko pale pale, anacheza mu vumbi, na mupigaji akitaka kumuchekelea kitambi chake, anamuchekelea, na watu wanafurahi. Na mwaka wa 2024 "Tia" ya RJ Kanierra, mutoto wa hapa, ilichezwa mpaka mbali, na neno lenyewe ni la Kiswahili chetu. Wimbo si wa kufikirisha sana, tuseme ukweli. Lakini vijana wa Kinshasa walitamka neno la Lubumbashi bila kuona haya, na miaka makumi mambo yalikuwa yanaenda upande mumoja tu.

Mutoto wa dada yangu anatengeneza muziki na kompyuta, mu chumba chake. Kisha kilio kile alienda kwa shangazi na simu, akamuomba amusemee kasala arekodi, aiweke mwanzo wa wimbo wake. Shangazi akauliza: "Kasala ya nani?" Kijana akasema: "Yangu." Akauliza tena: "Umefanya nini?" Kijana alicheka, akazima simu.

Wiki ilifuata akarudi na karatasi, ameandika majina ya babu zake aliyoweza kupata. Yalikuwa matatu. Shangazi aliongeza mawili, akasema kwa yale mengine atapaswa kupanda treni, kuko muzee mumoja Mwene-Ditu mwenye anajua, lakini aende mbio, muzee hasikii vizuri tena. Nauli ninaitafuta mimi.