Rureke wa Bese, Mshairi wa Walikale

Wafratri wakiombwa kutaja mshairi mkubwa, hutaja Dante au Victor Hugo. Wengine hutaja Senghor. Si vibaya. Lakini upande wa Walikale, si mbali nasi wa Kibabi, aliishi mshairi ambaye kazi yake inasomwa katika vyuo vikuu vya Marekani, na wengi wetu hatujui hata jina lake. Huyo ni Rureke, Mnyanga wa kijiji cha Bese. Watu walimwita she-karisi.

Tueleze kwanza jina hilo. Kwa Wanyanga, karisi ni masimulizi marefu ya shujaa. Tena ni jina la roho ambayo, walisema, humjia mtu katika ndoto na kumtaka ajifunze masimulizi hayo. Aliyejifunza huitwa she-karisi. Hiyo haikuwa kazi ya kumlisha mtu: mwimbaji alilima na kuwinda kama wenzake, akaimba alipoombwa. Shule yake ilikuwa kumfuata mwimbaji mzee, kumwitikia na kumsaidia, mpaka maneno yakae moyoni.

Mwaka 1956 Mbelgiji Daniel Biebuyck alimkuta Rureke huko Bese. Siku kumi na mbili Rureke alisimulia, akaimba, akacheza, na watu watatu wakaandika kwa mkono. Kumbe, yeye mwenyewe hakuwa amepata kuisimulia habari yote mfululizo namna hiyo. Desturi ilikuwa kutoa kipande leo na kipande siku nyingine. Basi utimilifu tunaousifu katika kitabu ulizaliwa siku zile. Kitabu kilitolewa California mwaka 1969, kwa Kinyanga na Kiingereza, kwa kazi ya Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, Mnyanga mwenyewe, mjuzi wa lugha.

Habari ni hii. Shemwindo, mtemi wa Tubondo, aliwakataza wake zake kuzaa mtoto wa kiume. Mwindo akazaliwa, akitembea na kusema tangu siku ile, usinga wake mkononi. Baba akamtupia mkuki, akamzika, akamfunga ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mtoto hakufa. Alikwenda kwa shangazi yake Iyangura, kisha akarudi kupigana, na baba akakimbilia kuzimu. Mwindo akamfuata huko.

Hapa ndipo tunapouona ukubwa wa Rureke. Masimulizi mengi ya vita yangeishia kwa baba kuuawa. Kwa Rureke, Mwindo anamrudisha baba yake mzima, anawafufua watu wa Tubondo, na mbele ya baraza lote mzee anakiri kosa lake. Kisha wanagawana nchi, kila mmoja na upande wake. Wala mshairi hamwachi Mwindo hapo. Muda wote amemwacha ajisifu, nasi wasikilizaji tumecheka na kufurahi. Sasa Mwindo anamwua joka Kirimu, rafiki wa Nkuba, mwenye radi. Nkuba anamnyakua mpaka juu, na mwaka mzima kijana anateswa kwa baridi na kwa jua, akionywa asiue tena. Anaposhuka, anawapa watu sheria. Mwenye kujisifu amefundishwa.

Wengine kati yetu watasema: hayo ni mambo ya mizimu, hayafai mkristu. Wengine, tena wenye elimu, watasema upesi: Mwindo ni mfano wa Kristu, ameshuka kuzimu, amefufua wafu. Tunaona wote wawili wamesoma haraka. Wa kwanza anatupa dhahabu pamoja na mchanga. Wa pili anamvika Mwindo kanzu isiyo yake: Mwindo hakujitoa kwa ajili ya mtu, na unyenyekevu alifundishwa kwa mateso. Tumwache awe Mnyanga. Hata hivyo anatufundisha neno zito: haki haikamiliki kwa kumshinda adui, lazima kosa likiriwe waziwazi na watu wapate namna ya kuishi pamoja. Huku Masisi na Walikale, ambako vita vimewatawanya watu tangu mwaka 1993, nani atasema neno hilo ni la kizamani?

Kitabu nacho kina upungufu wake, ambao si kosa la waandishi. Karatasi haitikisi kibuyu, wala haipigi ile fimbo ya kuongoza wimbo. Hata hivyo Rureke anapenya: katikati ya nyimbo anajitaja mwenyewe, anamhimiza mwandishi aendelee.

Tumshukuru Biebuyck kwa kuandika jina la mwimbaji. Mara ngapi sisi tumeandika tu «wazee wanasema»? Katekista anayesikia masimulizi kijijini ayaandike kwa lugha ile ile, na juu ya ukurasa aweke jina la msimulizi, kijiji chake na mwaka. Asingoje mgeni mwingine wa kukaa siku kumi na mbili.