Lawama Iliyotoka Shambani

Mfasiri wa fasihi ya Kiingereza hahangaishwi sana na majina ya vitu. Meli ni meli na mvua ni mvua. Panapomtoa jasho ni penye maneno ya lawama, yale ambayo Mwingereza humpachika mtu kwa tabia zake mbaya. Kamusi humpa visawe, naye akavipokea kama vilivyo. Kumbe neno lina nasaba yake, na aghalabu nasaba hiyo huachwa bandarini.

Yako maneno ya lawama yanayovuka bahari bila ya taabu. ‘Envy’, yaani kuchukia neema ya mwenzio, limetokana na neno la Kilatini la kumtazama mtu kwa jicho baya. Mswahili naye, bila ya kufunzwa na Mrumi, akakiita kitu hicho kijicho. Lugha mbili zisizo na udugu zimeliona ovu moja mahali pamoja, machoni. Hapo mfasiri hana deni kwa mtu.

Lakini liko kundi jingine, na hilo ndilo la kuangaliwa. ‘Villain’, ambaye leo ni mwovu wa hadithi au wa mchezo wa kuigiza, asili yake ni mtu wa shamba la bwana. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, hilo lilikuwa jina la mkulima aliyefungwa kwenye ardhi isiyo yake. ‘Boor’, mtu asiye na adabu, alikuwa mkulima tu. ‘Churl’, mtu mkavu wa tabia na mzito wa kutoa, alikuwa mtu huru wa daraja la chini kabisa. ‘Knave’, laghai, alikuwa mtoto wa kiume, kisha akawa mtumishi. ‘Lewd’, neno la kuaibisha uasherati, lilikuwa la mtu asiye kasisi, kisha la mtu asiyesoma. Kwa upande wa pili, ‘gentle’ na ‘generous’, yaani upole na ukarimu, ni maneno yaliyotokana na kuzaliwa katika ukoo bora.

C. S. Lewis, katika kitabu chake Studies in Words cha mwaka 1960, ameueleza mwendo huu kuwa ni kugeuka kwa maneno ya hadhi yakawa maneno ya maadili: jina la daraja la juu huwa sifa, na la daraja la chini huwa tusi. Maelezo hayo ni ya haki. Linalobaki kuulizwa ni nani aliyekuwa akinena. Mkulima hakujiita mwovu. Aliitwa, na aliyemwita ndiye aliyekuwa na kalamu.

Shakespeare aliijua sura zote mbili za neno hili. Richard III, mtoto wa ukoo wa kifalme, hujitwalia jina la ‘villain’ kwa hiari yake, na hapo pana uovu mtupu usiokuwa na harufu ya shamba. Lakini mwanzoni mwa As You Like It, ndugu wawili wanashikana. Oliver, aliye mkubwa, anamtupia mdogo wake neno hilo, naye Orlando anajibu kwa kumtaja baba yao. Jibu hilo halina maana ila ikiwa limejengwa juu ya asili ya kale: huyu amelitupa neno kama tusi la tabia, yule amelidaka kama tusi la nasaba.

Mfasiri atakayeandika ‘mwovu’ hapo ataliua jibu la Orlando. ‘Mshamba’ lina asili ileile hasa, kwani ni mtu wa shamba. Lakini safari yake imekomea kwenye kukosa adabu za mjini, haikufika kwenye uovu. Hilo ni pacha wa ‘boor’. ‘Mshenzi’ limetembea zaidi. Lilikuwa jina ambalo watu wa pwani waliwaita watu wa bara, likawa la asiyestaarabika, kisha likawa la mwenye roho chafu. ‘Mtwana’ nalo limebeba utumwa na tusi katika mzigo mmoja. Kwa neno kama hilo, sikio la pwani litasikia nasaba na tabia kwa pamoja, na jibu la Orlando litasimama.

Lakini bei yake si ndogo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa katika sheria ya Zanzibar mwaka 1897. Maneno hayakufungwa pamoja na soko. ‘Mjinga’ liliwahi kuwa jina la mtumwa aliyewasili karibuni kutoka bara. ‘Muungwana’ alikuwa kwanza mtu huru, ndipo akawa mtu wa adabu. Atakayesema kwamba afadhali lichaguliwe neno laini, lisiloumiza, ana nia njema, lakini ulaini huo humdhulumu msomaji mara mbili: humficha kwamba tusi la Mwingereza lilizaliwa na ubwana, na humwacha akidhani kwamba matusi yake mwenyewe yalizaliwa na haki.

Mwendo huu unaweza pia kugeuzwa. Julius Nyerere alipotoa tafsiri yake ya The Merchant of Venice mwaka 1969, aliiita Mabepari wa Venisi. Mfanyabiashara wa jina la Kiingereza ni mmoja, naye ni Antonio, mtu wa heshima. ‘Bepari’ ni neno lililotoka Bara Hindi, na huko ni mfanyabiashara tu. Lakini miaka miwili baada ya Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa neno la lawama. Nyerere alichagua neno lililo aminifu kwa asili na lenye kushitaki kwa matumizi, kisha akalitia katika wingi. Inaweza kudaiwa kwamba Antonio, anayekopesha bila ya riba, ameonewa kwa kutiwa wavu mmoja na Shylock. Hata hivyo, safari hii lawama imepanda juu: aliyepakwa doa ni mwenye mali.

Washairi wa visiwa hivi nao wanapaswa kulipima hilo, kwani ‘mshamba’ bado hupenya katika beti za kejeli kwa wepesi mno, na vina havimtetei. Mkono uliochuma karafuu za Unguja na Pemba ulikuwa wa mtu wa shamba. Nyumba za mji zilizojengwa kwa mali ya karafuu hizo ndimo lilimotoka neno la kumcheka.