Kilo 34 juu ya paa: mfuko wa mizigo kutoka Bunju hadi Marangu

Desemba, barabara ya kaskazini husomeka kwenye mapaa ya magari. Godoro lililofungwa kwa kamba ya manila, baiskeli ya mtoto magurudumu juu, turubai la bluu lililoachia kona moja na sasa linapiga makofi tangu Mkata. Safari hii na sisi tulikuwa na paa la kusomwa: Toyota IST isiyo na keria, watu watano ndani, na mfuko mweusi wa turubai wenye urefu wa sentimita 110, upana 85 na kimo 45. Hizo ni kama lita 420 za nafasi. Muuzaji alizisifu lita hizo mpaka tukalipa. Zaidi ya kilomita 500 baadaye naweza kusema kwamba lita ndiyo habari isiyo na kazi kuliko zote zilizoandikwa kwenye lebo ya mfuko ule.

Lita 420 zikijazwa mchele zinapita kilo 300. Paa la gari dogo, likiwa mwendoni, kwa kawaida huruhusiwa kubeba kati ya kilo 50 na 75, na uzito wa mfuko wenyewe umo humohumo. Kitabu cha gari letu ni cha Kijapani, kama vya magari mengi yanayoshuka bandarini yakiwa yameshatembea kwao, kwa hiyo tulishika kikomo cha chini na kukaa mbali nacho. Usiku wa kuamkia safari tulipima furushi moja moja kwa mzani wa kuning'iniza: mablanketi, majaketi ya baridi ya Marangu, mito, nguo za watoto, kandambili. Jumla, pamoja na mfuko, ilikuwa kilo 34. Sukari, mafuta ya kula, kreti ya soda na jeki vilikaa sakafuni mwa buti. Aliyewahi kubeba ndoo ya maji kichwani akageuka ghafla anajua kwa nini: mwili umeshageuka, ndoo bado inaelekea ilikokuwa ikielekea. Gari kwenye kona halina tofauti.

Sasa tuje kwenye kufunga, ambako ndiko wengi huharibu.

Ukimuuliza mtu mzigo wa paani unataka kukimbilia wapi, atakwambia nyuma, kwa sababu ya upepo. Ni kweli kwa sehemu. Uso wa mbele wa mfuko wetu ni karibu mita ya mraba 0.4, na kwa hesabu yangu ya karibu, kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa upepo unausukuma nyuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 9 hivi. Ukifika 110 nguvu hiyo inakaribia kilo 17, maana nguvu ya upepo haipandi sawasawa na mwendo, inapanda kwa mraba wake. Lakini ngoja ukutane na tuta lisilo na kibao, au mbuzi. Breki ya ghafla kwenye lami kavu inaurusha mzigo wa kilo 34 kwenda mbele kwa nguvu ya karibu kilo 27. Adui mkubwa, basi, ni mguu wa dereva. Mfuko unaoanguka kwa kukimbilia mbele huangukia kwenye kioo chako mwenyewe.

Hilo linabadilisha namna ya kuelekeza mikanda. Tuliona gari moja ambalo mikanda yake yote ilishuka wima ubavuni, kama mtu aliyefunga mzigo wa kuni. Mkanda wa wima unaugandamiza mfuko chini, lakini hauuzuii kuteleza. Yetu tuliitawanya kama kamba za mlingoti: jozi ya mbele ikavutwa kuelekea mbele, hadi ukingo wa fremu za milango ya mbele, na jozi ya nyuma ikavutwa kuelekea nyuma, hadi fremu za milango ya nyuma. Jozi ya nyuma ndiyo inayoushika mfuko wakati wa breki. Katikati ulipita mkanda mmoja wa kugandamiza.

Mikanda ya mfuko wa namna hii ina njia mbili za kushika gari lisilo na keria. Ya kwanza ni kuipitisha ndani ya gari, juu ya vichwa vya abiria, milango ikiwa wazi. (Milango, si vioo. Aliyepitisha kwenye vioo huishia kuingia garini kama mwizi.) Ya pili ni ndoano bapa za chuma zilizovikwa mpira, zinazong'ata ukingo wa bati chini ya ule mpira wa kuzuia maji. Tulichagua ndoano, kwa sababu mkanda unaoingia ndani ni mfereji: mvua huufuata uzi kwa uzi hadi kwenye bega la abiria.

Chini ya mfuko tulitandika zulia la mpira lenye matundu, lile la kuzuia kapeti isiteleze. Kabla ya hapo paa lilioshwa na kukaushwa, kwani vumbi likibanwa kati ya mpira na rangi kwa saa kumi linafanya kazi ya msasa. Mfuko ulikaa katikati ya paa, mbele kidogo, ili mlango wa buti ufunguke bila kuugonga, na zipu zikatazama nyuma. Kisha shemeji, aliyekulia kwenye magari ya mizigo, akaja kutoa hukumu. Aliusukuma mfuko kwa mikono miwili. "Shemeji, nikisukuma, gari zima liyumbe. Likiyumba begi peke yake, fungua tuanze upya." Tulianza upya mara mbili.

Tulipita Bagamoyo kwenda kutokea Msata, kukwepa foleni ya Kibaha. Bagamoyo tukasimama, na mikanda iliyokuwa ikilia kama gitaa alfajiri ilikuwa imelegea vidole viwili. Hakuna aliyekosea. Nguo na blanketi hubeba hewa. Kilomita chache za mtikisiko huitoa, mzigo unashuka, mkanda unabaki na urefu wake uleule. Kwa sababu hiyohiyo mfuko uliojaa nusu ni mbaya kuliko uliojaa: kitambaa kilicholegea hupigwa na upepo, hujiondoa kwenye mikanda kidogo kidogo, na mwisho hupasuka kwenye mshono. Tulikaza tena Wami, tena Korogwe. Baada ya hapo ulitulia.

Kulikuwa na mngurumo pia, sauti nzito iliyoanza kila tulipopita 70 na kuwafanya watoto waulize kama tunafuatwa na ndege. Ulikuwa ni ule mkanda wa katikati. Mkanda uliolala bapa hutetemeshwa na upepo. Ukiusokota mizunguko miwili mitatu kabla ya kuukaza, sauti inakufa. Kazi ya dakika moja, na sikuiona kwenye maelekezo.

Mvua ilitukuta kati ya Korogwe na Mombo. Kitambaa kilichoandikwa kwamba hakipitishi maji kilisema kweli, ila mfuko haujatengenezwa kwa kitambaa tu: umeshonwa, na kila tundu la sindano ni dirisha. Tulipoufungua Same, blanketi moja lilikuwa na unyevu pembeni. Vingine vilipona kwa sababu vilikuwa ndani ya mifuko mizito ya taka, ambayo marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 2019 haikuigusa.

Kwa mwendo tulijiwekea ukomo wa 80, na vijijini 50 kama vibao na tochi za trafiki zinavyotaka. Si woga. Takwimu rasmi za serikali ya Marekani zinaonyesha kwamba sanduku kubwa la paani hupunguza umbali ambao gari linakwenda kwa mafuta yaleyale kwa asilimia 2 hadi 8 mjini, 6 hadi 17 kwenye barabara kuu, na 10 hadi 25 kwenye mwendo wa kilomita 105 hadi 120 kwa saa. Mfuko laini haukati upepo vizuri kuliko sanduku. Baada ya Same, upepo wa ubavuni ulipotushika kwenye uwanda ulio wazi, nililihisi gari likisogezwa, nikashuka hadi 70 bila kubembelezwa.

Kuhusu wezi sina maneno mengi. Kufuli kwenye zipu ya turubai ni salamu tu, wembe haupigi hodi. Kompyuta na vyeti vilikaa ndani, na tulipokula, tulikula kwa zamu.

Mtihani wenyewe ulikuja siku ya kurudi. Mama mkwe alikuwa ameshakata mikungu mitatu ya mshare, kila mmoja si chini ya kilo 20, na debe la maharage limefungwa. Alilitazama paa, kisha akanitazama mimi.

"Baba Anna, si hapo juu bado pana nafasi?"

"Nafasi ipo, mama. Paa ndilo limefika mwisho."

Hakuridhika, na sikumlaumu. Mkono uliokata ndizi haupendi kuambiwa habari za kikomo. Kilichotuokoa ni kwamba buti lilikuwa tupu. Sukari, mafuta na soda tulivyomletea vilikuwa vimebaki jikoni kwake, na mahali pake pakatosha maharage na mikungu miwili, vikonyo vikiwa vimefungwa matambara ili utomvu usichafue. Mkungu wa tatu ulisafiri miguuni pa shemeji. Mablanketi na nguo zikarudi juu, kilo zilezile.

Himo nilishuka kuikagua mikanda. Ilikuwa imelegea vidole viwili.