Msasa wa Mwisho

Ukifika Mwenge, Dar es Salaam, asubuhi kabla ya watalii, utasikia tezo kabla hujawaona wachongaji. Mlio wa mpingo ni mkavu, karibu na wa chuma. Mti huu ni mzito kiasi kwamba ukitiwa majini unazama, na ndio huohuo unaotengenezewa klarineti huko Ulaya.

Hupenda kukaa karibu na mzee mmoja Mmakonde, nimtazame kabla hajaanza. Huligeuzageuza gogo akitafuta ufa. Mpingo huchelewa kukauka na ukiharakishwa juani hupasuka, kwa hiyo magogo yake huyaweka kivulini, ncha zikiwa zimepakwa nta. Kisha huamua ile sehemu nyeupe ya nje aifanyeje. Wengine huikwangua yote. Yeye aliwahi kuacha utepe mwembamba ukawa pindo la kanga begani mwa sanamu ya mama, na mpaka leo sijaona pindo zuri kuliko lile.

Tezo huondoa kilicho kikubwa. Patasi hufuata, na hapo ndipo wanagenzi hukosea: hukimbilia uso. Mzee huacha pua, masikio na vidole vikiwa vinene hadi mwili wote ukae sawa, maana mti uliokwisha kuondoka haurudi. Patasi huinoa mara kwa mara, hangoji ianze kukwama.

"Patasi butu haikati, mwanangu. Inang'oa."

Halafu msasa. Neno hilo lilikuwa la mti kabla ya kuwa la karatasi ya dukani. Majani yake hukwaruza, na mafundi waliyatumia kulainishia kazi zao. Siku hizi ni namba 80, 120, 240, hadi 400, na haendi namba ya mbele mpaka mikwaruzo ya nyuma iishe yote. Kati ya namba na namba hupangusa kwa kitambaa chenye unyevu, nyuzi za mti zikisimama na kukauka huzisugua tena. Pua huifunga, kwani vumbi la mpingo huwasha hadi kifuani.

Mpaka hapo sanamu ina rangi ya majivu. Wengi huchokea hapa, wakaficha mikwaruzo kwa rangi nyeusi ya viatu. Yeye hutia nta kidogo, akasugua kwa kitambaa cha pamba, na weusi ukaanza kupanda wenyewe kutoka ndani.

Juzi aliiinua kazi iliyokwisha kung'aa, akaigeuza kwenye mwanga, akaona mstari mmoja chini ya kidevu. Akanyoosha mkono, akachukua tena namba 240.