Upweke Usio na Mlango

Filamu ya Marekani juu ya kijana anayeanza sekondari haikosi chumba. Kijana anaingia, anafunga mlango, anajilaza, nasi tunaachiwa tumtazame. Mwaka 2012 Stephen Chbosky aliongoza mwenyewe filamu ya kitabu chake, The Perks of Being a Wallflower, na Charlie wake anaandika barua kwa rafiki asiyetajwa jina. Naipenda filamu hiyo. Lakini hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, katika mitaa kama Kadutu kule juu au Panzi, ni watoto wangapi wenye mlango wa kufunga? Mtoto wa kwetu analala na wadogo zake, anasoma sebuleni huku wageni wakizungumza. Upweke anao, tena mzito, ila unamkuta katikati ya watu. Kuunasa upweke wa namna hiyo kwa kamera ni ufundi wa aina yake, na sijaona anayeuweza kama mwongozaji filamu Dieudo Hamadi wa Kisangani.

Alizaliwa huko 1984, akasomea mambo ya tiba kabla ya kushika kamera. Filamu yake Examen d'État ya 2014 inawafuata wafinalisti wa Kisangani wanaojiandaa kwa Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Kamera anaishika mwenyewe. Hakuna msimulizi wa kutufafanulia, wala mtu aliyeketishwa kitini ahojiwe. Wasiokamilisha prime, yaani mchango wa wazazi wa kuwalipa walimu, wanatolewa shuleni, na wenzao wanabaki kwenye madawati.

Dakika hiyo Bukavu tunaijua. Orodha inasomwa, darasa linanyamaza. Aliyetajwa haondoki mbio. Anafunika kalamu, analitia daftari ndani ya mfuko polepole, anachomeka vizuri shati lake jeupe kwenye suruali ya buluu, ili aonekane kama mtu anayetoka kwa hiari yake. Wenzake wanatazama ubao. Mpiga picha mwenye haraka angekimbilia machozi. Hamadi ana subira ya kukaa na watu mpaka wasahau kuwa yupo, na hapo ndipo mikono, shingo na macho yanapoanza kusema.

Kisha vijana hao wanakusanyika katika nyumba wanayoiita maquis, wasome usiku, walale pamoja, wabebane. Wapo wanaotafuta njia za mkato za kupasi, wapo wanaokimbilia maombi. Nimesikia watu wakinung'unika kwamba filamu inatuaibisha. Sikubaliani nao hata kidogo. Anayewatazama vijana hawa kwa upendo hawezi kuwafanya malaika. Anawaonyesha wakiwa na hofu, njaa na ujanja, na heshima yao haipungui. Sifahamu jambo gumu kuliko hilo katika kazi ya sinema.

Jicho hilo hakulipata juzi. Mwaka 2010, katika Dames en attente aliyoitengeneza pamoja na Divita Wa Lusala, aliwatazama akina mama wa Kinshasa waliojifungua lakini hawaruhusiwi kwenda nyumbani kwa sababu hawajalipa hospitali. Deni tena, na mtu mmoja mbele yake. Na mwaka 2017 kamera yake ilifika hapa kwetu: Maman Colonelle inaanzia Bukavu, wanawake wakimlilia Kanali Honorine Munyole anayehamishiwa Kisangani.

Kwa hiyo ninachokitamani kinawezekana. Nataka kijana wa Bukavu, msichana au mvulana, ashike kamera ndogo na kumfuata mtoto mmoja anayeanza sekondari. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019. Sekondari bado ni kulipa, na mtoto anaingia huko akiwa tayari anahesabu siku za kufukuzwa. Asianze na ziwa wala peninsula zake. Zimeshapigwa picha vya kutosha. Aanze kwenye foleni nje ya ofisi ya prefe, mkuu wa shule, ambako mama ameshika karatasi ya malipo na mtoto anajifanya hamjui. Aendelee hadi mapumziko, wanaponunua mandazi wale wenye franga, na huyu anaenda kunywa maji kwa mara ya pili. Siku ya matokeo, familia zinapowamwagia poda waliopasi, sote tunakimbia na simu zetu kurekodi. Poda hiyo ni ya mwaka wa mwisho, na ina wapiga picha wengi. Huyu wa mwaka wa kwanza, ambaye darasani bado hakuna anayelijua jina lake, hajapata hata mmoja.