Siri, Faragha na Kidakuzi: Uhakiki wa Msamiati wa Mtandao katika Kiswahili

Kwa desturi uhakiki huelekezwa kwenye riwaya, tamthilia na utenzi. Yapo hata hivyo maandishi mengine ya Kiswahili ambayo hayana mtunzi anayejulikana wala mhakiki, na ambayo wasomaji wake wamewapita kwa wingi wasomaji wa riwaya yoyote: ni yale yanayotokea kwenye kioo cha simu na cha kompyuta. "Sera ya Faragha", "Masharti ya Huduma", "Weka nenosiri", "Kubali". Maandishi hayo hayasomwi kwa starehe. Kwa kweli mara nyingi hayasomwi kabisa. Lakini kila yanapotokea humtaka msomaji atende jambo, na jambo hilo humpa mtu wa mbali uwezo fulani juu ya maisha yake. Kwa sababu hiyo yanastahili uangalifu ule ule unaopewa kazi za fasihi, na pengine zaidi.

Neno la kwanza la kuchunguzwa ni faragha. Asili yake ni Kiarabu, lenye maana ya utupu na nafasi. Katika matumizi ya Waswahili faragha ni mahali au wakati wa kujitenga: watu wawili huenda faraghani, mazungumzo hufanyika kwa faragha. Siri ni jambo jingine. Siri ni kile kinachofichwa, yaani habari yenyewe. Faragha ni hali ya kutoingiliwa, hata kama ndani ya chumba hakuna lolote la kuficha. Mtu anayekula ugali na watoto wake hana siri yoyote, na bado mgeni hupiga hodi akangoja aitikiwe. Desturi ya hodi, inayojulikana Lubumbashi na Bukavu sawasawa na Mombasa, hailindi siri, inalinda faragha.

Tofauti hii si ya wanakamusi peke yao. Hoja inayosikika kila mahali kuhusu hatari za mtandao ni ile ya mtu asemaye: "Mimi sina siri, waache wachungulie." Msemaji huyo amechanganya maneno mawili. Yanayokusanywa na simu kwa sehemu kubwa si siri hata kidogo: ni saa aliyoamka, njia aliyopita, namba aliyoipigia na muda wa mazungumzo. Mwaka 2013 Yves-Alexandre de Montjoye na wenzake walichapisha uchunguzi wa nyendo za simu za watu milioni 1.5, zilizoondolewa majina. Iligunduliwa kwamba nukta nne tu za mahali na wakati zilitosha kumtofautisha mtu mmoja na wengine wote katika asilimia 95 ya watu hao. Hakuna siri iliyofichuliwa hapo. Kila nukta peke yake ilikuwa jambo la hadharani: mtu yuko sokoni, mtu yuko kituo cha basi. Ni mkusanyo wake uliovunja mlango.

Ukiyaelewa hayo, jina "Sera ya Faragha" linaanza kutia mashaka. Msomaji wa Kiswahili akikutana na sera ya elimu hutarajia mpango wa kuendeleza elimu; akikutana na sera ya faragha, ana haki ya kutarajia mpango wa kuilinda faragha yake. Lakini hati nyingi zenye jina hilo hueleza zaidi ni mambo gani yatachukuliwa, yatahifadhiwa wapi na yatagawiwa nani. Kosa si la mfasiri wa Kiswahili, kwani amefuata Kiingereza kwa uaminifu; ila uaminifu kwa jina lisilo la kweli huzaa jina lingine lisilo la kweli.

Mahali pengine mfasiri amefanya vizuri kuliko mwenye asili. Mwaka 1994 Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape, alibuni faili ndogo ambayo tovuti huiweka katika kompyuta ya mgeni ili imtambue atakaporudi. Kwa Kiingereza kifaa hicho kilipewa jina la biskuti, na Kifaransa cha kawaida kimelichukua hivyo hivyo. Ni nani atakayeogopa biskuti? Kiswahili kimechagua kidakuzi, wingi vidakuzi. Kudakua ni kuchunguza mambo ya watu na kuyatoa nje. Mdakuzi ni mtu mwenye tabia hiyo, na magazeti ya umbeya huko Dar es Salaam huitwa magazeti ya udaku. Kwa hiyo msomaji anapoombwa akubali vidakuzi, lugha yake mwenyewe inamwambia bila kificho kwamba anaombwa awaruhusu wambeya wadogo wakae nyumbani kwake. Haijulikani kama mfasiri alikusudia kejeli hiyo. Ikusudiwe isikusudiwe, ni istilahi iliyo bora katika msamiati huu wote, na ingekuwa hasara kuibadili kwa neno la mkopo kwa kisingizio cha usanifishaji.

Si kila istilahi yenye bahati hiyo. Nenosiri, ambalo Tanzania huitwa pia nywila, ni muundo wazi na unaoeleweka. Hata hivyo neno zuri halitoshi kuumba mazoea. Katika kabini za kutuma pesa kwa simu, kwenye barabara za miji ya Kongo, wateja wasio na uzoefu wa kusoma vioo vya simu humtajia wakala namba yao ya siri kwa sauti ili awabofyeze, watu wengine wakiwa wamesimama kwenye foleni. Wapuuzi wao si wapuuzi. Wanamtendea wakala kama mwandishi wa barua wa zamani, ambaye aliaminiwa kwa yote kwa kuwa alijua kuandika. Tena menyu ambayo haikuandikwa kwa lugha ya nyumbani kwao huwaongezea haja ya mtu wa kati. Hapo hatari haitoki kwa mwizi wa mbali mwenye ujuzi mkubwa. Inatokana na lugha iliyotumika kwenye kioo.

Usalama nao una kasoro yake. Neno hilo hubeba amani ya mtu na pia kazi ya dola: Usalama wa Taifa ni idara ya ujasusi ya Tanzania, na "mtu wa usalama" si lazima awe mtu anayemfanya jirani yake ajione salama. "Usalama wa mtandao" basi unaweza kueleweka kwa njia mbili zinazopingana: kumlinda mtumiaji asichunguliwe, au kumchungulia ili wengine walindwe. Mwezi Desemba 2016 Maxence Melo, mwasisi wa JamiiForums, alikamatwa Dar es Salaam baada ya kukataa kuwapa polisi habari za kuwatambulisha watumiaji wake. Polisi waliita kukataa huko kuzuia upelelezi. Yeye aliona anawalinda watu waliomwamini. Utata wa neno usalama umo ndani ya jambo lenyewe, na haungeondolewa kwa kutunga istilahi mpya.

Katika lugha ya sheria pana mvutano mwingine. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Wakenya, wenye sheria yao ya mwaka 2019, hupenda kusema data. Wapenzi wa Kiswahili safi wataegemea upande wa taarifa. Lakini taarifa ni jambo ambalo mtu hulitoa, hulitangaza, humwarifu mwenzake. Mwendo wa simu mfukoni haukutolewa taarifa na yeyote; ulichukuliwa. Data ni neno lisilopendeza masikioni, ila halidai kwamba mwenye simu alisema chochote. Kwa mara hii neno geni ni la kweli zaidi.

Uzito mkubwa kuliko wote uko katika ridhaa. Ridhaa ni ndugu wa radhi: ni moyo kutulia, kutosheka. Kukubali ni tendo la mdomo, au siku hizi la kidole. Mtoto hukubali adhabu bila kuiridhia. Kifungo cha kwenye kioo huandikwa "Kubali", kisha mwenye tovuti hudai kwamba amepewa ridhaa. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliugusa ujanja huu tarehe 1 Oktoba 2019 katika kesi ya Planet49, kampuni ya Ujerumani ya michezo ya bahati nasibu, ilipoamua kwamba kisanduku kilichokwisha kuwekewa alama mapema si ridhaa ya vidakuzi.

Afrika ya Mashariki imepata mfano ulio karibu zaidi. Mwezi Julai 2023 mradi wa Worldcoin ulizinduliwa rasmi Kenya. Mtu aliyekubali mboni zake zipigwe picha na mashine yenye umbo la mpira aliahidiwa sarafu 25 za kidijitali, zilizokuwa na thamani ya takriban shilingi 7,000 za Kenya. Foleni zilijaa Nairobi, na tarehe 2 Agosti serikali ilisimamisha shughuli hizo. Tarehe 5 Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data hizo zifutwe ndani ya siku saba, kwa kuwa ridhaa ilipatikana kwa kishawishi cha malipo na tathmini ya athari haikufanywa kama sheria inavyotaka. Yaani waliokubali walikuwa wengi, lakini mahakama haikuona ridhaa. Nenosiri lililoibiwa hubadilishwa. Mboni ya jicho haibadilishwi.

Ridhaa ina pungufu jingine ambalo Kiswahili kingeweza kulieleza vyema kuliko lugha za mabwana wa mitandao. Katika kashfa ya Cambridge Analytica, iliyofichuka mwezi Machi 2018, watu wapatao 270,000 waliweka programu moja ya maswali, na kwa kupitia wao zilichukuliwa data za watu wanaofikia milioni 87, yaani rafiki zao. Anayeiruhusu programu isome daftari lake la namba huzitoa namba za shangazi, mwalimu na mkopeshaji wake. Nyumba ya ukoo hujua kwamba mlango mmoja ukifunguliwa chumba cha wengine pia huonekana. Fomu ya ridhaa humwuliza mtu mmoja tu.

Kongo yenyewe imeingia katika uwanja huu. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2006 hulinda maisha ya binafsi na usiri wa mawasiliano, na Kanuni ya Kidijitali iliyotolewa kwa amri-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023 ina sehemu kuhusu data za watu. Imeandikwa kwa Kifaransa, ilhali Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa. Siku itakapofasiriwa kikamilifu, mfasiri atafika mahali palipoandikwa "consentement" na atalazimika kuchagua. Akiandika kukubali, kila kidole kilichobofya kitahesabiwa. Akiandika ridhaa, kampuni itabidi ithibitishe kwamba mteja alielewa alichokitoa, na kwamba angeweza kukataa bila kunyimwa huduma.